Mama Manyoya na Nywele Zilizogoma Kuganda

"Nimeitoa kwenye chai, Mama Manyoya. Kwenye chai! Sukari nimetia, nimekoroga, nafungua mdomo nipige funda la kwanza, naona kitu kinaogelea."

"Kitu gani?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa kitu gani? Nani mwingine humu uani anaanika vichwa vya watu?"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Nyumba ina milango sita, ua mmoja na bomba moja, na kwa sasa kila mlango una kichwa kinachochungulia. Mwenye kikombe ni msusi wa mlango wa nne, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye sauti yake hufika barabarani kabla yake. Anayeshutumiwa ameinama juu ya beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, wala hana haraka.

Nyuma yake, juu ya chandarua kuukuu kilichowambwa kati ya nguzo mbili, zimetandazwa nywele. Nyeusi, ndefu, kilo nne na robo. Upepo ukipita zinajiinua kidogo, kisha zinalala tena.

"Vichwa haviko hapa," anajibu Mama Manyoya. "Ni nywele, na nimeziosha mara tatu. Safi kuliko hicho kikombe chako."

Mlango wa pili mtu anaangua kicheko. Mlango wa sita mtu anatoa kiti kabisa, asije akakosa neno.

"Kikombe changu kiache! Mimi nashinda na nywele za watu kutwa nzima, mama. Nikiwa nyumbani nataka nione mashuka kwenye kamba, siyo wateja wangu."

"Basi wasalimie."

Kicheko kingine. Msusi anaona anashindwa mbele ya kadamnasi. Anaweka kikombe chini, anaukaribia ule mtandazo, anachomoa unywele mmoja, anausugua kati ya vidole viwili kama mpima kitambaa dukani, anauvuta. Unakatika.

"Na unajitesa bure. Hizi zimetiwa dawa. Zimekwisha kazi."

"Zimeoshwa, nimekwambia."

"Osha mpaka mwakani, mama yangu. Dawa ya kunyoosha haitoki kwa sabuni. Ikiingia imeingia. Mtu anangoja zingine ziote, hizi za zamani anazikata akatupa. Hilo hata mteja wa siku ya kwanza analijua."

Mama Manyoya anatoa mikono kwenye beseni. Povu linamdondoka kwenye vidole vya miguu.

"Rudia," anasema.

"Nirudie nini? Kuna tusi hapo?"

"Hilo la mwisho. Polepole."

Mama Manyoya si jina lake la kitambulisho, lakini ukimwita kwa lile la kitambulisho huenda asigeuke. Ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa mhudumu wa maabara katika kituo cha utafiti kilicho mwendo wa mabasi mawili kutoka nyumbani, chumba namba tisa, ghorofa ya chini, mwisho kabisa wa korido, jirani na jenereta. Wamewekwa huko kwa sababu ya harufu.

Chumba namba tisa kina kazi moja: keratini. Ndiyo iliyomo kwenye nywele, kucha, kwato, pembe na manyoya ya ndege, na ndiyo inayoikaza ngozi ya juu ya mtu. Ni kitu kishupavu. Maji hayakiyeyushi, na tumbo la mtu halikisagi.

Alipoajiriwa, kituo kilikuwa kikifanyia kazi manyoya ya kuku kutoka machinjioni. Jioni alikuwa akishuka basini na nyoya limemganda kisogoni bila yeye kujua. Mtaa mzima ulijua. Jina likapatikana.

"Mimi nilioa msichana anayenukia sabuni," anasema mumewe, dereva wa lori mstaafu mwenye tumbo la mtu aliyetulia. "Siku hizi nikigeuka kitandani nasikia kwato."

"Na hujahama," mkewe anamjibu bila kumtazama.

Mshahara wake, kwa maelezo yake mwenyewe, unatosha wiki tatu za mwezi. Wiki ya nne huishi kwa kuwafulia watu. Mikono yake ina mabaka meupe ya magadi makali yaliyomrukia mwaka wake wa pili kazini, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki vizuri. Ukimwuliza kwa nini hakuacha, anakutazama kama umeuliza kwa nini hakuacha kula.

Sababu ipo, ila haitoi kwa kila mtu.

Aliyekuwa mkuu wa chumba hicho, profesa ambaye wahudumu walimwita Mzee Pembe, siku moja alimchukua kwenda hospitali kupeleka vifaa. Wakapitishwa wodi ya walioungua. Wakati huo muuguzi alikuwa akimbadilishia mgonjwa bandeji. Bandeji ilikuwa imeshikana na kidonda, na ilipobanduliwa ilibanduka na ngozi changa iliyokuwa inaanza kuota.

"Yule mgonjwa hakulia," anasema Mama Manyoya. "Alikuwa ameshalia siku za nyuma, akachoka. Mzee Pembe akaniambia, ndicho tunachokitafuta sisi: kitu cha kufunika kidonda kisichoshikana nacho. Nikarudi kazini nikaosha vizuri zaidi."

Kitu chenyewe ni utando laini wa keratini, unaopatikana kwa nywele za binadamu. Nywele huoshwa, hukatwakatwa, hulowekwa kwenye dawa inayozilegeza mpaka keratini itoke. Maji yake huchujwa, husafishwa, kisha humiminwa kwenye sinia na kuachwa yakutane na hewa. Yakienda sawa, baada ya saa sita yanaganda, yanatetemeka ukiyagusa, lakini hayamwagiki. Kuna maabara kadhaa duniani zinazofukuzia jambo kama hilo. Utando wa chumba namba tisa bado haujagusa kidonda cha mgonjwa hata mmoja.

Na ulikuwa karibu usikiguse kamwe.

Mzee Pembe alishafariki. Siku hizi chumba kina Daktari, kijana wa miaka thelathini na mmoja, msomi, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi mikononi. Kwa miezi minne mfululizo masinia yaligoma. Kila wakimimina, kila wakingoja, saa sita zinapita, unainamisha sinia, linamwagika uji.

Daktari alibadilisha maji. Akabadilisha dawa. Akabadilisha sinia. Kisha, kwa kuwa hakikubaki cha kubadilisha, akamtazama aliyekuwa akiosha.

Ripoti yake kwa kamati ya kituo ilikuwa na mstari mmoja ambao Mama Manyoya ameukariri: "Huenda uoshaji wa malighafi haukidhi kiwango." Baada ya wiki moja ikaja barua. Kuanzia mwezi unaofuata, mhudumu angehamishiwa ghala la viti na meza. Na kamati nayo ikatoa lake: Ijumaa ya wiki ileile ya kikombe cha chai wangekuja chumba namba tisa. Walitaka kuona masinia matatu, kutoka magunia matatu tofauti, yote yameganda. Hayakuganda, chumba kinafungwa na kupewa watu wa kompyuta.

"Ghala siliogopi," anasema. "Viti navyo vinahitaji mtu. Lakini niondoke nikiambiwa sijui kuosha? Miaka ishirini na sita? Hapana. Hiyo ningekufa nayo."

Ndiyo maana gunia la mwisho alilibeba nyumbani. Alitaka aoshe kwa bomba lake, kwa sabuni yake, kwa macho yake, asubuhi kabla ya kazi, ili pasipatikane mtu wa kusema mkono wa mwingine uliingia. Kosa lilikuwa mahali pengine kabisa, na aliyelijua alikuwa akilala milango miwili kutoka kwake.

Kwa miaka mingi nywele za chumba namba tisa zilitoka kwa kinyozi mmoja wa wanaume. Nywele fupi, chafu, za wapakiaji mizigo na mafundi matofali. Miezi minne iliyopita kinyozi alifunga duka akahamia kwa mwanawe. Daktari akapata saluni kubwa ya wanawake iliyokubali kumpa magunia bure. Nywele ndefu, zinanukia vizuri, zinang'aa. Alifurahi. Mama Manyoya pia alifurahi, maana kuosha nywele ndefu ni raha.

Kwamba wanawake hunyoosha nywele, wote wawili walijua. Nani asiyejua? Ila walidhani dawa ni kama vumbi: inaoshwa, inakwenda. Daktari alizisoma makala zote, lakini watafiti wengi walioandika makala zile walitumia sufu ya kondoo, na hakuna kondoo anayekwenda saluni.

Jumatatu hiyohiyo, saa nne, Mama Manyoya aliomba ruhusa kazini, akajifunga kibwebwe, akamfuata Msusi saluni kwake. Ni chumba kimoja chenye vioo vitatu, viti vinne, na watu wasiopungua tisa, maana saluni ya Msusi hawaji wanaosukwa tu. Wanakuja na wenye habari.

"Haya, leta maneno," alisema Msusi, kitana mdomoni. "Asubuhi umeniacha na chai imepoa."

Mama Manyoya akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawasimulia kama alivyosimuliwa na Mzee Pembe wakati akimwoshea chupa. Kwamba tangu zamani watu walichonga vitana na vioo vya taa kutokana na pembe, wakizilainisha kwa moto, bila kujua ndani mna nini. Kwamba miaka mia na arobaini hivi iliyopita madaktari wa ng'ambo walipoona tumbo haliisagi keratini, wakaanza kuivisha vidonge, ili vipite tumboni vikiwa vizima vikafungukie utumboni.

"Kidonge kimevikwa ukucha?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akisukwa.

"Ukucha, pembe, vyote ukoo mmoja."

"Na watu walimeza?"

"Wewe ulimeza nini jana, unajua kilivikwa nini?"

Saluni ikacheka. Akaendelea. Wengine walichemsha pembe kwa chokaa mpaka zikalegea. Wengine waligeuza kwato kuwa povu la kuzimia moto wa mafuta. Kisha, miaka ya thelathini ya karne iliyopita, wakaipiga sufu ya kondoo picha za eksirei, ikiwa imelegea na ikiwa imevutwa, wakapata picha mbili tofauti. Ndipo wakaanza kuelewa kwamba ndani ya unywele mna nyuzi nyembamba mno zilizojikunja kama springi. Na miaka hiyohiyo wakaikamata siri yenyewe: nyuzi hizo zimefungana kwa vifungo vya salfa. Ukivifungua, keratini inayeyuka. Ukiiacha hewani, vinafungana tena.

"Na ujuzi huohuo," alisema Mama Manyoya, "ndio uliozaa dawa zenu za kukunjia nywele bila moto."

Msusi akatoa kitana mdomoni.

"Ina maana mimi na Daktari wako tumesoma shule moja?"

"Wewe ulipitia mlango wa nyuma."

"Lakini nimo ndani."

"Umo. Sasa niambie. Ile ya kunyoosha, inafanya nini?"

Msusi hakujua habari za salfa, lakini alijua nywele. Alieleza kwamba iliyotiwa dawa kali hairudi ilivyokuwa. Hata ukitaka kuikunja kwa dawa ile nyingine haikubali vizuri, inakatika. "Inakuwa kama mtu aliyeapa," alisema. "Ukimbembeleza, hakuelewi."

Mama Manyoya akainuka kwenye ndoo yake. Vifungo vilikuwa vimeharibiwa kabla nywele hazijafika kwake. Kilichokuwa kinatoka kwenye zile nywele ndefu nzuri kilikuwa hakina tena cha kushikania.

"Nataka magunia matatu ya nywele zisizotiwa kitu," alisema. "Leo."

"Leo hii?"

"Kazi inachukua siku tatu. Ijumaa wanakuja."

Hapo ndipo utafiti wa keratini ulipogeuka kuwa kazi ya umbea, na kwa umbea Msusi hana mpinzani. Kwanza alianza na waliokuwa mle ndani. Mama mmoja mwenye duka la dawa, aliyekuwa akipunguzwa nywele, akajitolea kwa fahari.

"Chukueni zangu. Hizi ni za asili. Sijawahi kutia kitu tangu nizaliwe."

Nyuma ya kisogo cha mama huyo, Msusi alitikisa kichwa. Kisha akainua vidole vitatu: mara tatu kwa mwaka.

Mama Manyoya akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zote, akazitia kwenye mfuko wa pembeni. Hadi saa saba mchana mfuko huo, ambao Msusi aliupa jina la mfuko wa waungwana, ulikuwa umejaa nywele za wanawake sita walioapa.

"Wasomi wenu wangewauliza na wakaandika walichoambiwa," Msusi alimwambia walipotoka. "Mimi siulizi. Mimi ndiye niliyewatia."

Mchana uliobaki walizunguka kwa vinyozi, sita kwa jumla. Msusi ndiye aliyekuwa mbele. Alichuchumaa kila sakafu, akasugua, akanusa, akavuta, akagawa: hizi ndiyo, hizi hapana. Kwa kinyozi wa nne alikuta rundo jeusi ti.

"Za nani hizi?"

"Za mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi."

"Ana umri gani?"

"Kama sabini na mbili."

"Na wewe unaziona nyeusi hivi, roho yako inatulia?"

Kinyozi akainamisha uso. Rangi. Rundo likaachwa.

Saa kumi na mbili jioni walikuwa na magunia matatu, migongo inauma, na wote wawili wananuka vichwa vya wanaume.

Jumanne asubuhi Daktari hakufurahi. Dawa ya kulegezea nywele ilikuwa imebaki kidogo, ya masinia manne tu, na ya kuagiza huchukua miezi miwili kufika. Yeye alipanga kuitumia yote kwa nywele za ile saluni kubwa, safari hii kwa sabuni kali zaidi.

"Mama, naheshimu uzoefu wako," alisema. "Lakini hili hakuna mahali limeandikwa. Tukipoteza dawa kwa neno la msusi, tutawaambia nini?"

"Miezi minne umefuata yaliyoandikwa, mwanangu. Umepata nini? Uji."

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu ni kuuliza. Mwezi masinia yalipoanza kugoma ndio mwezi kinyozi alipofunga. Angalia daftari lako, usiniangalie mimi."

Daktari akaangalia daftari. Akalifungua ukurasa mwingine. Akarudi nyuma. Tarehe zilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe: gunia la kwanza kutoka saluni, na wiki iliyofuata, sinia la kwanza kumwagika.

Halafu akatoa kitabu kinene kabatini, akapekua, akasoma akiwa amesimama. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini. Alisema inawezekana. Dawa kali ya kunyooshea huvigeuza vifungo vya salfa vikawa vya aina nyingine, visivyofunguka wala kufungana tena. Kwamba kitabu kilikuwa kabatini siku zote. Hakukifungua tu ukurasa ule, maana hakujua la kuuliza.

"Inawezekana," alirudia. "Siwezi kusema ni hakika."

"Basi tufanye hivi. Masinia matatu ya magunia yangu. La nne tunatia mfuko wa waungwana. Yote naosha mimi, sabuni moja, maji mamoja, siku moja. Likiganda la nne, au yakigoma matatu, ile barua ya ghala naisaini hapohapo. Hata kalamu naja nayo."

Daktari akavua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya shati. Makunyanzi yaliingia kwenye pasi. Wakaanza.

Alhamisi saa mbili asubuhi walimimina. Mama Manyoya alifunika masinia kwa kitambaa chembamba, akaandika saa ukutani kwa chaki, akachukua ufagio akafagia pasipokuwa na taka. Saa tano akafagia tena. Daktari alitoka kwenda kuangalia jenereta, ambayo haikuwa na tatizo.

Saa nane mchana alivaa glavu, akafunua sinia la kwanza, akaliinamisha kidogokidogo kama mtu anayemlaza mtoto.

Halikumwagika.

La pili halikumwagika. La tatu lilikuwa na povu pembeni, ila liliganda. Alipoligusa kwa kidole kile kisichokunjika, likatetemeka likatulia.

La nne alimpa Daktari mwenyewe aliinamishe. Uji ukamiminika hadi kwenye mshipi wake.

"Hakuwa na hasira," anasema Mama Manyoya. "Alisimama tu, uji umemlowesha suruali yote, anacheka. Sijawahi kumwona anacheka. Ana mwanya, kumbe."

Ijumaa kamati ilikuja watu watano. Waliinamisha masinia wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti, mwanamke mwenye fimbo na maneno machache, aliuliza kosa lilikuwa nini. Daktari akamwonyesha Mama Manyoya kwa mkono. Akaeleza yeye, dakika kumi, amesimama, aproni imemkaa upande. Alipofika kwa wanawake sita walioapa, mwenyekiti alijishika kilemba bila kujitambua.

Chumba namba tisa kimepewa miezi kumi na minane. Barua ya ghala imefutwa kwa barua nyingine, fupi zaidi.

Bado safari ni ndefu, na hakuna mle chumbani anayejidanganya. Utando utapimwa nguvu, utapimwa usafi, utajaribiwa hatua kwa hatua kabla haujaruhusiwa kukaribia mgonjwa. Kila hatua inaweza kukwama. Mama Manyoya atastaafu baada ya miaka mitatu, na ameshafanya hesabu yake: anataka siku utando wa kwanza utakapowekwa kwenye kidonda, awepo wodini, amesimama pale alipokuwa amesimama na Mzee Pembe. Na zaidi ya kuwekwa, anataka kuona ukitolewa.

Kwa sasa ametengeneza kadi. Kila gunia linaloingia lazima liwe nayo: limetoka kwa nani, nywele za nani, zimetiwa nini. Sehemu ya tatu haijazwi na mwenye nywele. Inajazwa na aliyemsuka au aliyemnyoa. Amempata Msusi awe akipita kwa vinyozi mara moja kwa mwezi, na kituo kimekubali kumlipa nauli na jasho lake.

"Nauli tu mngenipa ningekwenda," Msusi anasema. "Ila msimwambie Daktari."

Jumapili saa saba mchana, Daktari mwenyewe anasimama kwenye lango la uani, shati limenyooka, karatasi kifuani. Hajawahi kufika hapa. Milango sita inatoa vichwa sita.

"Kijana anatafuta chumba?" mtu anauliza.

"Huyo? Huyo anatafuta nywele. Ficheni vichwa!" anaitikia Msusi.

Amekuja na rasimu ya makala watakayoipeleka kwenye jarida la kisayansi. Anataka kuwasomea sehemu inayoeleza nywele zilivyopatikana, asije akaandika uongo. Anasoma akiwa amesimama juani. Anapofika palipoandikwa "nywele zilikaguliwa," Mama Manyoya anamkatisha.

"Zilikaguliwa na nani? Zilijikagua?"

Daktari anatoa kalamu. Anamwandika Msusi. Msusi anataka na saluni itajwe, na vioo vitatu. Vioo vinakataliwa baada ya mabishano. Kisha anafika kwenye orodha ya waandishi, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na hapo hasomi. Anamgeuzia Mama Manyoya karatasi aone mwenyewe. Jina lake liko la pili, lile la kitambulisho, herufi zote.

Mama Manyoya anafuta mikono kwenye nguo, analitazama. Haharakishi. Mumewe anachungulia juu ya bega lake, anasoma kwa sauti, anakohoa.

"Mama," Daktari anaanza, macho yako kwenye viatu vyake, "ile ripoti niliyoandika, kuhusu kuosha... na ile barua, mimi ndiye niliye..."

"Mwandiko wako naujua, mwanangu." Anazichukua karatasi mkononi mwake, anazikunja vizuri, anasogea mlangoni kumpisha. "Viatu viache hapo. Nawa mikono, ingia tule, maharage yanapoa."